Fomula Iliyosimama Kabla ya Nyantende

Ghislaine Nabintu hashiki kipanya. Kipo mezani kwake, kipya, kwenye ofisi ya shirika la kugawa mbegu pale Ibanda, mjini, lakini juu ya vumbi lake unaweza kuandika jina. Yeye hufanya kazi kwa vidole kumi juu ya kibodi, mgongo umenyooka, na wageni wanaopita koridoni husimama kidogo mlangoni kumtazama, kwa sababu maelfu ya mistari hujaa namba mbele yake kwa muda wa kupiga chafya.

Ustadi huo aliupata kwa shida ya kawaida. Alizaliwa Nyantende, kwa wakulima, akaja mjini kusoma mambo ya biashara. Shuleni kwao kompyuta ilichorwa ubaoni kwa chaki: hapa skrini, hapa kibodi, nakilini. Alipomaliza, aliijua kompyuta vizuri sana kwenye daftari. Basi akaanza kwenda kwa tonton Anaclet, "mjomba" wa kila mtu, aliyekuwa na kibanda cha kompyuta karibu na soko. Mashine zote zilikuwa na watu, isipokuwa moja ya pembeni.

"Ile souris yake ilikufa," tonton Anaclet alimwambia. "Lakini clavier iko muzima. Kama utaiweza, ikala. Nitakukatia bei."

Ghislaine akakaa mbele ya mashine ile yenye kibodi bila kipanya. Wiki ya kwanza alitaka kulia. Ya pili akagundua kwamba akishika Control na Shift pamoja, kisha mshale wa chini, safu nzima inabadilika rangi hadi mwisho wake. Akagundua kwamba akiandika fomula moja juu, akachagua safu, akabonyeza Control na B, fomula inateremka yenyewe hadi chini. Excel ya tonton Anaclet ilizungumza Kifaransa, na B ilikuwa ya bas, yaani chini. Siku ile alicheka peke yake mpaka jirani yake akamuuliza kama amepata habari ya ndoa.

Kwa vidole hivyo akapata kazi, na kwa miaka kadhaa sasa hesabu za mashirika ya wakulima, tangu Minova kando ya ziwa hadi Nyantende, zinapita mikononi mwake. Anaijua kazi yake, na anajua kwamba anaijua. Hana haja ya kujisifu wala kujificha.

Mwaka huu mvua za Septemba ziliwahi. Lori la Minova liliondoka na mbegu zake bila matatizo, likabaki la Nyantende. Asubuhi ya kuondoka, wapakiaji walikuwa uani wakirusha magunia ya maharage, na papa Grégoire, mkuu wa ofisi, alikuwa akizunguka lori na simu sikioni. Jedwali la wakulima na kilo zao za mbegu lilikuwa limekamilishwa na Lucien, mtaalamu kijana wa kilimo mwenye moyo mzuri, aliyepima yeye mwenyewe mashamba mengi ya wakulima wale kwa miguu yake. Kilichobaki ni Ghislaine kutoa karatasi za ugawaji.

Kabla ya kutoa karatasi yoyote, Ghislaine ana desturi moja: hushuka kwanza hadi mstari wa mwisho wa jedwali na kutazama kisanduku cha kilo kimebeba nini. Mistari ya juu humwambia mtu alivyoanza. Ule wa mwisho humwambia kama alifika.

Akashuka. Kisanduku cha mwisho kilionyesha kilo kumi na mbili. Akatazama juu, pale ambapo fomula huonekana, akitarajia alama ya sawasawa na kuzidisha. Hapakuwa na kitu ila kumi na mbili. Namba kavu, iliyoandikwa na mkono wa mtu.

Akapanda mstari baada ya mstari. Kavu. Kavu. Kavu. Alipofika pale Nyantende inapoanza, akakuta mstari mtupu, na juu ya mstari ule fomula zote zikiwa hai.

"Lucien," akaita, kidole juu ya safu ile. "Kuya kidogo. Hii colonne ya kilo, uliijaza namna gani?"

"Niliandika formule mu mustari wa kwanza, nikapiga clic mara mbili pale pa kona ya kisanduku. Ikashuka yenyewe."

"Ilishuka, ndiyo. Lakini ilikuta hapa hakuna kitu, ikasimama. Huku chini haikufika."

Lucien akainama karibu na skrini. "Lakini namba ziko!"

"Ziko. Si za sasa. Ni za saison ilipita."

Lucien akashika kichwa. Orodha ya Nyantende ilikuwa imechelewa, naye aliichukua kutoka faili la zamani, akaibandika chini ya nyingine. Alirekebisha ukubwa wa kila shamba, akaamini kwamba kilo zitajirekebisha pia. Msimu uliopita mbegu zilikuwa adimu na kipimo cha kugawia kilikuwa kidogo. Watu wa Nyantende wangepokea kipimo cha njaa katika mwaka wa neema, na mvua ilikuwa imekwisha kuanza.

Ghislaine akatoka uani. "Papa Grégoire, pardon, ile camion isiende kwanza."

Papa Grégoire akaondoa simu sikioni. "Ghislaine, batu banangojea tangu asubuyi! Chauffeur iko tayari. Kuko nini?"

"Kilo ya Nyantende yote iko ya zamani. Tukienda hivi, tutabapatia kidogo kuliko haki yabo."

"Yote? Na kurudilia yote itachukua siku muzima!"

"Hapana, papa. Hata motere ya camion haitapata baridi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na papa Grégoire, ambaye hapendi kubishana na watu wanaoongea taratibu, akamfanyia dereva ishara azime.

Ghislaine akarudi mezani, Lucien nyuma yake, papa Grégoire nyuma ya Lucien. Kwanza akaufuta ule mstari mtupu. Kisha, katika kijisanduku cha juu kushoto, akaandika mwanzo na mwisho wa safu ya kilo, akabonyeza kitufe cha Entrée. Safu yote ikapata rangi, maelfu ya mistari, bila kuburuta chochote. Akaandika fomula mara moja tu: ukubwa wa shamba mara kipimo cha msimu. Akashika Control, akapiga Entrée.

Safu ikajaa. Mstari wa kwanza ulikuwa na kilo zake. Chini yake, sifuri. Sifuri hadi mwisho wa dunia.

Papa Grégoire akakohoa.

Ghislaine akapasuka kicheko. "Ona miye! Nilisahau dola!"

"Dola ya nani?" akauliza papa Grégoire kwa wasiwasi.

"Ile alama, papa. Kipimo kinaikala mu kisanduku kimoya tu. Nisipokifunga, kila mustari unashuka kukitafuta chini yake, na chini hakuna kitu." Akafungua fomula tena, akagusa F4, alama mbili za dola zikakaa mbele ya herufi na mbele ya namba ya kisanduku kile kama vigingi viwili. Control, Entrée.

Kilo zikatiririka safu nzima. Hakushangilia. Alishuka hadi mstari wa mwisho: alama ya sawasawa ilikuwepo. Ile kumi na mbili ilikuwa imekuwa ishirini.

"Nionyeshe tena," akasema Lucien, ameshavuta kiti. "Pole pole."

"Tutafanya mu njia. Sasa tusaidie kupakia."

Jumla mpya ilidai magunia zaidi, na magunia yalikuwepo. Mtunza ghala alipoletewa karatasi alisema kwamba tangu asubuhi alikuwa akijiuliza yale yaliyobaki pembeni ni ya nani, lakini aliona aibu kuuliza. Papa Grégoire akamwambia siku nyingine aulize hata kwa makelele. Wapakiaji wakavua tena mashati.

Ghislaine alipanda mbele ya lori pamoja na Lucien, kompyuta magotini. Barabara ilikuwa tope tupu, na kila waliporushwa na shimo, Lucien alibonyeza herufi asiyoitaka, wakacheka, wakaanza upya. Kufikia Nyantende alikuwa amejaza safu tatu za majaribio bila kugusa kipanya.

Watu walikuwa wamejikinga chini ya mabati ya shule. Waliitwa mmoja mmoja. Maman Chantal, mjane mwenye shamba mteremkoni, alipofikiwa aliegesha jembe lake ukutani, akapokea gunia, akalijaribu uzito mara mbili, kisha akalirudisha chini.

"Mulikosea," akasema. "Yangu haijakuwa muzito hivi."

"Hatukukosea, maman," Ghislaine akamjibu. "Ni yako yote."

Maman Chantal akamtazama, akalitazama gunia. Halafu uso wake ukafunguka.

"Basi kamata huku," akasema, akikunja kitambaa chake na kukiweka kichwani. "Peke yangu sitaliweza."

Wakalinyanyua pamoja. Likakaa sawa kichwani, na maman Chantal akachukua jembe lake, akashika njia ya mteremkoni kwa hatua za haraka, kwa sababu udongo ulikuwa bado laini na jioni ilikuwa mbali.