Kisima cha Wakfu cha Mama, Nyuma ya Machimbo

Shoga yangu unayesoma, haya nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka.

Mama yangu aliuza mikufu yake akachimbisha kisima huku Pugu, akakiweka wakfu: watu wachote bure, thawabu zimfuate kaburini. Alipofariki, mie ndo nikaachiwa nikiangalie.

Zikaja enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa. Mbezi Beach watu wanajenga, kokoto zinatakiwa, basi machimbo ya mawe jirani yetu yakaletewa mashine ya kusagia. Oili chafu na dizeli vikawa vinamwagwa chini tu. Haukupita muda, maji ya kisima yakaanza kung'aa rangi rangi juu.

Jirani yangu akaja na ndoo. "Shoga, siku hizi mnauza mafuta ya taa? Nijazie kibatari basi."

Tukacheka. Akanusa tena, akaondoka na ndoo yake tupu. Maji ya hivyo hata udhu hayafai, sembuse kumpa mtoto. Nikawaza, mama huko aliko anapata nini sasa?

Tukafanya tulivyofundishwa madrasa: kisima kikiingiwa na najisi, kichote mpaka kikauke. Wanawake wa mtaa tulichota kutwa, tukimwaga kwenye shimo la zamani la mawe pale pembeni. Yakaja maji safi, tukasoma dua. Wiki haijaisha, harufu hiyo imerudi. Nikaenda kutazama lile shimo: kavu. Ardhi ilikuwa imeyanywa yale maji na kuyarudisha kisimani.

Nikamfuata msimamizi wa machimbo, nikamweleza habari ya oili.

"Shikamoo mama. Sasa mashine si lazima inywe oili?"

"Marahaba. Inywe, baba, ila isitapikie kwetu. Kile ni kisima cha marehemu."

Akainamisha kichwa. Kesho yake akatoa vibarua, tukafukua mchanga mweusi uliolowa oili chini ya mashine na shimoni, ukarundikwa juu ya saruji na kufunikwa. Oili ikawa inakingwa kwenye mapipa. Ndo tukaanza kuchota upya, safari hii tukimwaga mapipani.

Masika ikapita, vuli ikapita. Mtaalamu wa maji akaja kupima. "Kufua na kutawadha, sawa. Kunywa, bado."

Nililia, sikuficha. Lakini kila alfajiri watu wanatawadha pale, na mie bado nachota na kumwaga, mpaka siku yatakaponyweka.

Mwambie na mwenzio mwenye kisima karibu na machimbo: aanze na udongo, ndo aje kwenye maji. Na ukimhadithia, muombeeni dua mama yangu.