Fungate Katika Kisiwa cha Wafaransa

Nilisikia kengele kabla sijafumbua macho. Nilikuwa nimejifunika shuka gubigubi, nasubiri adhana ya msikiti wa jirani kule Unguja, badala yake ikaja kengele ya kanisa, nzito na ya polepole, na nyuma yake muziki wa redio na nyayo za watu wengi zikiburuzika kwa mpigo mmoja. Nilipochungulia dirishani niliwaona wazee wa Kichina wakicheza dansi chini ya miti, mbele ya nyumba za manjano zenye nguzo ndefu. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimeambiwa tunakwenda Uchina. Somo Mwanaidi, kungwi aliyekuja kumhudumia Mama, akanambia hapa ni kisiwa cha Wafaransa. "Kisiwa gani, Somo? Bahari iko wapi?" "Kuna mfereji na madaraja. Wafaransa walijenga, wakaondoka. Kuishi kwingi kuona mengi. Vaa viatu."

Mama alikuwa biharusi. Baba yangu alifariki nikiwa mchanga, na mwaka ule Mama akaolewa na Ami Saidi, mfanyabiashara wa nguo katika mji huu wa Guangzhou, bila bwana harusi kuwapo. Ndugu yake ndiye aliyekaa mbele ya sheikh kwa niaba yake. Kule mtaa wa Guangyuan Xilu Ami alilala na wenzake katika fleti iliyojaa marobota mpaka darini. Si mahali pa kumpeleka biharusi, ndipo akakodi vyumba viwili katika hoteli hii ndogo. Kwa siku saba za fungate Mama asitoke wala asionwe na watu. Mimi nililala na Somo, na mchana nikishinda kwenye ngazi za mbao zilizonukia nta, nikiutazama mlango wa Mama. Nilitaka kujua jambo moja tu: fungate ikiisha Somo anarudi nyumbani, je, na mimi? "Biharusi hajasema," Somo alinijibu. "Mstahimilivu hula mbivu." Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akacheka, akaninyima jibu. Ami akipita alinipapasa kichwa kama mtu anayekagua kitambaa, nami sikujua nimwamkie au nimkimbie.

Siku ya sita Somo alitaka kumfukiza Mama udi. Akaomba makaa mapokezini. Msichana wa pale akatikisa kichwa, "Mei you," neno ambalo kila mchuuzi wa Guangzhou analijua: hakuna. Ami akayapata kwa mchoma mishikaki ng'ambo ya daraja. Hakuna aliyefikiri kwamba dari ya hoteli inaweza kunusa moshi. Udi ulipokolea, king'ora kikalia nyumba nzima na wageni wakashuka mbio, mmoja na povu la mswaki mdomoni. Niliganda pale ngazini, mikono masikioni. Kisha nikanyanyuliwa. Shati lilinuka nguo mpya na plastiki. Ni Ami, aliyekuwa akipanda wakati kila mtu anashuka. Nje, Mama alisimama barabarani na kanga zake na hina yake, fungate imevunjika mbele ya wapita njia.

"Bwana harusi," Somo alisema akihema, chetezo mkononi, "umempita biharusi ngazini."

"Biharusi ana miguu mirefu," Ami akajibu.

Mama alitazama nilivyomkumbatia mtu yule shingoni, akajifunika uso kwa kanga, nami sikujua kama anacheka au analia.

Siku ya saba Somo alifunga sanduku lake, akaanza kukunja na nguo zangu. "Haya mwanangu, twende."

"Mei you, Somo," Mama alisema. "Huyu haendi."

"Lo! Hata hina haijafifia, ushakuwa mchuuzi."

Sasa naandika riwaya zangu katika mji huu huu. Maharusi wa Kichina huja kupigwa picha mbele ya zile kuta za manjano, na Ami, mvi zimemjaa, hunishika kiwiko tukivuka daraja. Siku hizi mimi ndiye ninayempunguzia mwendo. Kengele ikilia, sikio langu bado huitafuta adhana kwanza. Siku ile nilipata nilichokitaka, kubaki na Mama, na bado nililia, na mpaka leo sijui nilimlilia nani. Nakumbuka Somo alinibusu kwenye paji la uso, udi ukiwa bado nguoni mwake. Magurudumu ya sanduku yakagonga mbao za ukumbi, na mlango ukafungwa nyuma yake.