Maziwa ya Dirishani

Enyi waja, wazima kwa wagonjwa, tegeni masikio! Inatangazwa rasmi kwamba katika hospitali moja yenye sakafu inayong'aa kuliko dhamiri za wakubwa wake, amepatikana mwanadamu ambaye bakteria humpigia saluti na kumpisha mlangoni. Ndiye Bwana Usingizi, mlaza wagonjwa wa chumba cha upasuaji. Mpigieni makofi, ila msimpe mkono.

Kila asubuhi Bwana Usingizi alifungua vichupa vya dawa yake ya kulazia watu, dawa nyeupe yenye mafuta, ukiitazama utadhani maziwa, akaivuta yote kwenye bomba moja kubwa la sindano. Bomba akaliegemeza dirishani, jua likilipapasa. Mgonjwa huyu akapewa chake, yule chake, mpaka jioni. Sindano ya mbele aliibadilisha kwa kila mtu, tena kwa madaha, kidole cha mwisho kimesimama kama anashika kikombe cha ikulu. Bomba lenyewe, ambamo damu ya mtu huweza kurudi nyuma na vijidudu vikanenepa kwenye yale mafuta, hilo halikumhusu.

"Bwana, hiyo dawa ikishafunguliwa haikai," aliambiwa na nesi wa chumba kile, mama mmoja mwenye ulimi usio na kufuli.

"Sista, bakteria wananijua. Wakinisikia nakohoa tu, wanahama."

"Wanahamia wapi? Ng'ambo ya korido?"

Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Huko ndiko walikoishia baadhi ya watu wake: waliingia na ngiri, wakatoka na homa ya kutetemesha kitanda. Wengine hawakutoka tena. Bwana Usingizi hakuivuka korido ile hata siku moja. "Kazi yangu kulaza," alisema. "Kuamka ni shauri lao." Homa zilipozidi akalaumu uji wa ndugu zao, akalaumu feni, akalaumu miili ya siku hizi, ati imelegea.

Sasa mtazame bwana huyohuyo akiwa kwake. Mkewe akimwekea chai, hukinusa kikombe kama askari wa forodha.

"Mama watoto, haya maziwa ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi. Na nimeyafunika."

"Na joto lote hili? Mwaga! Unataka kuniua?"

Wanasema mganga hajigangi. Huyu alijiganga yeye tu.

Mama mkwe wake, aliyekaa nao katika chumba cha uani, aliona maziwa mazima yakienda na maji ya sinki, akasema moyoni: kweli mwanangu amepata mume msafi. Kwa hiyo mawe ya nyongo yalipomshika, akaambiwa hapana dawa ila kisu, wala hakutetereka. "Atakayenilaza ni mkwe wangu," aliwaringia majirani. "Mtu anayemwaga maziwa ya asubuhi!"

Zamu yake ikafika mchana, jua kali. Bomba lilikuwa dirishani, limebaki nusu. Bwana Usingizi akalitazama bomba, akamtazama mama mkwe. Kisha akanawa mikono hadi viwikoni, jambo lililomfanya daktari mpasuaji achungulie mlangoni kama wakaguzi wamefika. Akavaa glovu mpya. Akachana pakiti ya bomba jipya. Akafuta mdomo wa kichupa kwa spiriti, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua.

Mama mkwe alikuwa bado macho kodo. "Baba, na yale maziwa ya dirishani?"

"Ni dawa, mama. Ya wengine."

"Ya saa ngapi?"

Nesi akakohoa. Bwana Usingizi akajifanya anakaza kifuniko kisichokuwepo.

"Nakuuliza wewe, baba. Ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi."

"Na hii yangu?"

"Ya sasa hivi."

Mama mkwe akamkamata mkono, akaung'ang'ania. "Mwaga ile kwanza. Usipoimwaga silali, na tumbo langu silitoi."

Nesi hakungoja ruhusa. Alilitwaa bomba, akaimwaga dawa yote ndani ya ndoo ya taka huku daktari mpasuaji akitazama viatu vyake.

"Kumbe siku zote ulikuwa unajua," mama mkwe alisema. "Sasa mbona mimi unanifungulia mpya, na watoto wa watu unawapa kiporo?"

Bwana Usingizi akaitafuta mishipa ya mkono wake, bila kuinua macho.

"Wewe, mama, tunakaa nyumba moja."