Chai ya Mbunifu wa Mashine

Mbunifu wa mashine za kamari alikuwa na vidole laini kama vya mtoto mchanga, na hakuwahi kubonyeza kitufe bila chai pembeni. Mfagiaji wa ofisi aliijua siri yake kupitia vikombe hivyo. Mbunifu akijaribu dau dogo, chai iliisha kabla sanduku la bonasi halijafunguka kwenye kioo cha mashine. Akijaribu dau kubwa, lilifunguka hata sukari haijayeyuka. Mama huyo mfagiaji alikuwa na sababu ya kutazama. Mumewe aliuza cherehani ya mkewe, hela zote zikaishia kwenye mashine kama hizo, dau dogo dogo, akingoja bonasi.

Mkaguzi wa serikali alipokuja kukagua mashine, mbunifu alitabasamu huku akikoroga. "Bonasi haichagui dau, mzee. Nafasi ni ile ile."

"Ile ile?" mfagiaji akadakia, ufagio mkononi. "Basi weka dau dogo, mwanangu, nikumiminie chai ya moto tuone."

Mkaguzi akacheka, akavuta kiti. Mbunifu akabonyeza, akabonyeza. Chai ikapoa hadi ikaota utando, sanduku halijafunguka.

"Sasa dau kubwa," mkaguzi akasema.

Likafunguka alipobonyeza mara ya tatu tu, kwa taa na vifijo. Mkaguzi akaibandika mashine karatasi nyekundu ya marufuku. Mfagiaji akachukua kikombe kilichojaa, akaenda kukimwaga, na mluzi wake ukasikika korido nzima.