Viriba vya Bahari na Eda ya Mama

Sijawahi kusikia jina la Kiswahili la mnyama ninayemchunguza. Huota kwenye nguzo za gati na kuta za ufuoni Kibarani, laini, mnene kama kidole gumba, na ukimbonyeza anakurushia maji usoni. Mimi namwita kiriba, kama kile kifuko cha ngozi cha kutilia maji. Watu humkwangua wakamtupa. Lakini akiwa mchanga, punde tu baada ya kutoka yaini, ana mkia, na ndani ya mkia mna uti laini wa aina ileile ambayo kila mmoja wetu alikuwa nayo tumboni mwa mama yake. Kazi yangu ni kumpasha moto nione uti huo unaanza kupinda lini. Watu wakiniuliza kazi yangu, huwajibu nafundisha.

Mwaka aliokufa baba, kaskazi ilikuja na joto ambalo sikuwahi kulijua. Mama alikaa eda katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Mji wa Kale. Orofa za chini, zenye kuta nene za mawe na dari za boriti, tulikuwa tumempangisha mwenye duka, naye akazijaza marobota ya nguo. Chumba cha juu kiliongezwa baadaye, kwa matofali ya saruji na mabati. Adhuhuri ukigusa ukuta unaondoa mkono haraka.

Mimi nilikuwa nimepanga Makadara, chumba cha chini chenye kivuli. Nikamsihi ahamie kwangu.

"Sitoki, mwanangu. Babako kaniata hapa, na eda yangu n'taimaliza papa hapa."

Nikaenda kwa mwalimu aliyenisomesha Kurani chuoni utotoni, akaniambia penye dharura mjane ana ruhusa ya kuhama. Nikarudi mbio na ruhusa yangu. Mama akamwombea mwalimu dua ndefu, akabaki palepale. Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo.

Kila jioni nilipita kumtazama. Nilimkuta kwenye mkeka, leso iliyoloweshwa maji mabegani, mbele ya feni yake moja ya kusimama. Aliniuliza habari za viriba, nami nikamweleza. Kiinitete kilichokua kidogo ukikipasha moto kinaamsha jeni zake za kujikinga. Kile kichanga kabisa hakiwezi, kwa sababu jeni zake bado zimelala. Hakina kinga isipokuwa ile mama yake aliyoitia ndani ya yai, na hiyo ikiisha, mkia unapinda, kisha vyote vinatulia chini ndani ya sahani ya maabara.

"Nawe wawatazama tu?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Wangaliweza kusema, wangalikulaani," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili moja nilifika mchana, macho mazito kwa kukesha na sahani zangu. Aliniambia nijinyooshe kitandani kidogo. Feni niliiacha imemwelekea yeye pale mkekani, nikalala kwa jasho.

Nilipoamka nilihisi ubaridi mgongoni. Nikafurahi, nikadhani upepo wa nje umebadilika. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa saruji, ngozi kavu kabisa, akimwita baba aje ale chakula kisipoe. Nikamwita kwa jina la utani la nyumbani ambalo yeye huitika hata akiwa usingizini. Hakuitika. Mwenye duka alinisaidia kumteremsha ngazi tukampakia kwenye tuktuk, na hospitalini waliufunika mwili wake kwa barafu. Alifariki kabla ya magharibi, eda yake haijaisha.

Nilitumwa nyumbani kuchukua leso zake. Chumba kilikuwa kama tulivyokiacha. Mkeka ulikuwa umesogea kidogo pale alipojiburura, na feni ilikuwa bado inazunguka, imeelekea kitandani nilipokuwa nimelala.