Ndege Iliyoitwa Ngalawa

Siku ya mazishi ya mume wangu, mtani wa ukoo wao, Mbondei muuza machungwa wa Muheza, alisimama mbele ya jeneza akapaza sauti: "Mpisheni mwana wa rubani wa ngalawa! Leo anasafiri bila tanga!" Waombolezaji wakacheka. Mtani hakasirikiwi, msibani ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nikaapa kimoyomoyo kumjibu eda itakapokwisha.

Kisa chenyewe ni picha. Baba mkwe alipigana Vita vya Pili vya Dunia upande wa Waingereza, akarudi kijijini kwetu Ushongo na picha moja ndogo iliyofifia. Alieleza kuwa yeye ndiye yule aliyeshika bunduki, analinda, na nyuma yake ni ndege ya Mjerumani iliyotekwa, inaelea majini. Wavuvi wakaitazama, wakaona matengo, yale mabao mawili ya ubavuni yanayoizuia ngalawa isipinduke. Ubawa wakaufanya mti wa tanga. Mzee akaitwa rubani wa ngalawa hadi kufa, na mwanawe akarithi jina hilo.

Mimi nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Siku nilipopata cheti cha kisomo, mume wangu alinikabidhi ile picha. "Msomi wa nyumba hii ni wewe," alisema. "Nitafutie ukweli wa baba."

Miaka ikapita, sikuutafuta. Akafa akiitwa mwana wa mwongo.

Eda ni miezi minne na siku kumi, nami sikupunguza hata saa moja. Kila baada ya alasiri niliitazama picha kwa miwani ya marehemu. Siku ya sitini na tatu nilishtuka kwa furaha, nikasimama. Ngalawa hukaa majini kwa mtumbwi wake wa katikati. Matengo huusaidia tu. Hapa cha katikati kilikuwa juu, kikavu, na maji yaligusa yale mabao mawili peke yake! Ngalawa gani hiyo? Wavuvi wote wale, na hakuna aliyeliona.

Nilitoka eda Jumanne, tarehe nane ya Shaabani. Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa maktaba, Tanga mjini.

"Shikamoo, bibi. Vitabu vya dini viko upande ule," alisema mkutubi.

"Marahaba. Nimekuja kwa ndege za vita."

Alinitazama, kisha akaleta kitabu kizito chenye picha tele. Nilikwenda ukurasa kwa ukurasa. Hii ya Kiingereza ina mbawa za ghorofa, yetu haina. Hii ya Kimarekani imekalia boya moja kubwa la katikati. Yetu ina mawili. Ndipo nikafunua ukurasa mmoja, nikaiona: pua ya mviringo, kioo kirefu cha kufunika watu wawili, maboya mawili, na usukani mdogo nyuma ya kila boya. Arado 196, ndege ya Kijerumani iliyobebwa na meli za kivita. Nikarudi kwenye picha yetu, nikainamisha uso hadi karibu kuigusa. Ubavuni, pale tulipodhani ni doa la unyevu, palikuwa na mkono wa msalaba mweusi wa Kijerumani.

"Ni yenyewe!" nilipiga kelele. Mkutubi hakuninyamazisha, alikuja kuchungulia naye.

Alhamisi nilikuwa Muheza, mbele ya machungwa ya mtani, na picha yetu na nakala ya ule ukurasa mkononi.

"Karibu, mke wa mwana wa rubani!"

"Hesabu maboya," nilimwambia. "Kisha nionyeshe mtumbwi."

Alihesabu. Akalinganisha picha na ukurasa, akaufuatisha msalaba kwa kidole.

"Kwa hiyo aliirusha kweli?"

"Hakusema aliirusha. Alisema aliilinda. Kuirusha mmemrushisha nyinyi."

Akaifuta mikono maji ya machungwa, akaishika picha kwa pembeni, akamwinamia yule askari mdogo mwenye bunduki.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Nami, kwa kuwa mwenye haki ya kuitikia hakuwapo, nikamwitikia mimi: "Marahaba."