Kinyozi na Kabati la Mwanga

Kitengo cha ngozi cha hospitali kuu kinapenda kuutangazia umma kwamba mabaka meupe ya ngozi hayaambukizi kwa kugusana, kukaa pamoja wala kutumia kifaa kimoja, na kwamba tiba ya mwanga hurudisha rangi kwa wagonjwa walio wengi. Tangazo lina mhuri, na saini ya daktari bingwa.

Kinyozi mmoja alilisoma mikono ikiwa mfukoni. Mabaka yalimwanzia midomoni, yakaja yakamtokea vidoleni, na tangu hapo kiti chake kilikaa kitupu huku wateja wakisubiri zamu kwa shemeji yake, mwenye duka, ambaye hunyoa kama anayefyeka shamba. Shemeji alikwisha kusema: kiti kisipokaliwa, kitapewa kinyozi mwingine.

Basi akaanza kuingia kwenye kabati la mwanga kule hospitali. Unavua nguo, unavaa miwani myeusi, unasimama katikati ya taa kama soda ndani ya friji, kengele inalia, unavaa, unaondoka. Keshokutwa unarudi. Na tena. Na tena. Kwanza ngozi nzima ikazidi weusi, mabaka yakaonekana zaidi kuliko mwanzo.

"Kaka, kwani jua limekwisha?" dada yake akamuuliza. "Kuku wanaliota bure, wewe unapanga foleni!"

"Jua halina kipimo."

"Na wewe huna akili. Ngoma droo."

Miezi ikapita. Rangi ikarejea midomoni, kidogo kidogo, mpaka uso ukawa uso. Daktari bingwa akaita wanafunzi wake waje kuona.

"Umepona, bwana! Hebu tazameni uso huo!"

"Daktari, mimi wateja siwanyoi kwa uso."

"Ah, mikono. Mikono ni mikaidi, hasa vidole. Vuta subira."

"Niivute mpaka wapi? Kiti kinaondoka!"

Daktari akacheka. "Basi Jumamosi nakuja mwenyewe uninyoe, watu wote waone."

Na kweli Jumamosi alikuja. Duka limejaa, watu wakampisha. Kinyozi akakung'uta kitambaa, akakigeuza kiti kimwelekee. Daktari akampungia mkono, akawaeleza wote waliokuwapo kwamba maradhi haya hayaambukizi hata kidogo, akausifu ule uso kwa kirefu.

Kisha akanyolewa na shemeji.